Chombo Kilichoachwa na Maji

Watu wa pwani husema kwamba maji yakijaa hupwa. Kila siku, mara mbili, bahari huondoka ufukoni na kuviacha vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga: mashua, ngalawa, madau na majahazi. Hakuna anayelia. Nahodha hushuka, hukagua mbao, huzikalafati nyufa, hupaka deheni chini ya chombo chake, kisha huketi kivulini akingoja. Hata yule aliyekipandisha chombo chake juu sana siku za bamvua, kisha akakuta maji mafu hayakifikii, hana hofu. Ajua kwamba baada ya majuma mawili bamvua jingine litakuja na kukiinua. Kwake yeye, kuachwa na maji ni nafasi ya kufanya kazi ambayo haiwezekani chombo kikiwa kinaelea.

Lakini si kila maji yaondokayo hurudi. Ziko nchi ambako vyombo vimekaa kikavuni miaka arobaini, vikiliwa na kutu, na mbuzi wanapumzika katika kivuli chake. Wako watu waliolala wavuvi wakaamka watu wa jangwani. Nasi twataka kuuliza leo swali ambalo huonekana dogo, lakini ndani yake limo jambo kubwa la haki: Yule ambaye chombo chake kimeachwa na maji aambiwe nini? Tumwambie angoje? Tumwambie ahame? Au tukae naye tuulize maji yake yamekwenda wapi?

Twaona kwamba majibu hayo matatu yote ni mema, kila moja mahali pake. Ubaya huingia tunapompa mtu jibu la mwenzake.

Juu ya jibu la kwanza, yaani kungoja, hatuna haja ya kusema mengi. Bahari yenyewe imewafundisha watu wa pwani. Tutazame la pili, nalo tunalo hapa nyumbani, katika Ujiji.

Msomaji aliyesoma historia ajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Siku zile Ujiji ulikuwa mji wa soko kubwa. Misafara kutoka Bagamoyo na Tabora ilifika hapo, na mitumbwi na mashua zilijaa zikivusha watu na mali kwenda ng'ambo ya Kongo. Ziwa lilikuwa juu, maana mlango wake wa kutokea upande wa magharibi, yaani mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na matope na matete. Cameron alifika hapo mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, na habari walizoandika juu ya mto huo ziliwashangaza watu, kwa kuwa maji hayakuwa yakitoka kama mto utokavyo ziwani. Ziwa likazidi kupanda. Mwaka 1878 kizuizi kile kikavunjika. Maji yakatoka kwa nguvu kuelekea Kongo, na katika muda wa miaka kama kumi na mitano ziwa likashuka yapata mita 10.

Mita 10 za kwenda chini, katika ufuko ulio tambarare kama ule wa Ujiji, ni mwendo mrefu wa kwenda mbele. Mahali palipokuwa maji pakawa mashamba na njia. Leo mgeni aendaye kuitazama kumbukumbu ya wale Waingereza wawili hulikuta jiwe limesimama mbali na maji, na asipoelezwa habari za Lukuga hataelewa kwa nini watu wa kale walikutania hapo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 haikwenda Ujiji bali Kigoma, penye ghuba nzuri yenye kina, na shughuli za bandari zikahamia huko.

Je, nani alaumiwe kwa mambo hayo? Hapana mtu. Hakuna aliyepanga Lukuga ufunguke, wala hakuna aliyetajirika kwa ajili ya hasara ya Ujiji. Ziwa lile lina tabia zake tangu zamani, nalo halikuahidi kukaa mahali pamoja. Hata katika siku zetu, tangu mwaka 2020, limepanda tena kwa ukali likaingia katika nyumba za watu wa Gatumba karibu na Bujumbura, na kuzisumbua bandari na vijiji vya pande zote. Mtu aliyeachwa au kufukuzwa na maji ya namna hii anahitaji kusaidiwa na jirani zake, nao wana wajibu wa kumsaidia. Lakini hana wa kumshitaki. Shauri la hekima kwake ni kuhama, na kuhama si kushindwa. Mvuvi wa Ujiji aliyeusukuma mtumbwi wake kuufuata ufuko mpya alifanya jambo la kiume, kuliko kama angekaa juu ya nyasi akiusifu ufuko wa baba yake.

Sasa twende mbali kidogo, katika Asia ya Kati, tukaone jambo la tatu.

Mpakani mwa Kazakhstan na Uzbekistan palikuwa na maji makuu yaitwayo Bahari ya Aral. Kwa kweli lilikuwa ziwa, lakini kwa ukubwa wake watu waliliita bahari. Msomaji wa Mwanza, Bukoba, Musoma au Kisumu atapata picha yake upesi tukisema hivi: mwaka 1960 Bahari ya Aral ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 68,000, karibu sawa kabisa na Ziwa Victoria. Mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, ililisha bahari hiyo kwa maji ya theluji kutoka milimani. Wavuvi walivua maelfu mengi ya tani za samaki kila mwaka. Katika mji wa Moynaq upande wa kusini palikuwa na kiwanda kikubwa cha kutia samaki makoponi, na katika mji wa Aralsk upande wa kaskazini palikuwa na bandari, viwanda na reli.

Serikali ya Kisovieti ilitaka pamba. Watu waliita pamba dhahabu nyeupe. Kilimo cha kumwagilia kilikuwapo katika nchi zile tangu maelfu ya miaka, na bahari ilikuwapo vilevile. Lakini sasa mashamba yalipanuliwa kupita kipimo cha mito. Mwaka 1954 ulianza kuchimbwa mfereji wa Karakum, ambao hatimaye ulipita kilomita 1,300 kwa urefu, ukiyachukua maji ya Amu Darya kuyapeleka jangwani. Sehemu kubwa ya mfereji huo haikusakafiwa, basi maji mengi yalinywewa na mchanga kabla ya kuufikia mche hata mmoja. Tangu mwaka 1960 bahari ilianza kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikwisha kugawanyika sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Mwaka 2007 ilibaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa zamani. Mwaka 2014 bonde lote la mashariki la sehemu ya kusini lilikauka.

Watu wa Moynaq na Aralsk hawakukaa tu. Walifanya kama yule nahodha wa pwani: walingoja. Maji yalipozidi kuondoka walifanya kama mvuvi wa Ujiji: waliyafuata. Walichimba njia za maji kutoka bandarini ili vyombo viweze kupita. Bahari ikaenda mbele, nao wakazidi kuchimba. Bahari ikazidi kwenda, mpaka siku moja hawakuifikia tena. Maji yaliyobaki yakawa machungu. Zamani yalikuwa na gramu kama 10 za chumvi katika lita moja; katika sehemu ya kusini yakafika zaidi ya gramu 100. Samaki wakafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa kuuza ukakoma. Ili kiwanda cha Moynaq kisifungwe, samaki waliletwa wamegandishwa kutoka bahari za mbali, hata Baltiki na Pasifiki, wakatiwe makoponi katikati ya jangwa. Mwisho na jambo hilo likashindikana. Upepo ukaanza kuinua mavumbi ya chumvi yaliyochanganyika na dawa za mashamba ya pamba, ukayatia katika vifua vya watoto. Merikebu nyingi zilikatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu. Chache zilizobaki zimepangwa chini ya genge la Moynaq, pahali palipokuwa maji, na wageni huja kuzipiga picha.

Tumetaja njaa ya watu hao. Hatuna budi kutaja na ukarimu wao. Mwaka 1921 njaa kali iliwapiga watu wa bonde la mto Volga. Lenin aliwaandikia wavuvi wa Aral barua ya kuwaomba samaki, nao wakapeleka mabehewa 14 yaliyojaa. Katika stesheni ya reli ya Aralsk iko picha ya vijiwe vya rangi ukutani iliyowekwa kukumbusha tendo hilo. Basi fikirini, ndugu wasomaji: watu walioombwa na wenye njaa, wakatoa, na nchi ile ile iliyowaomba ndiyo iliyochukua maji yao miaka arobaini baadaye bila kuwauliza. Picha ya shukrani ikabaki ukutani, bandari ikakauka nje ya dirisha.

Hapa ndipo swali letu lilipo. Mvuvi wa Moynaq aambiwe nini?

Tukimwambia angoje, tunamdanganya. Maji yake hayakupwa, yamechukuliwa; nayo hayatajaa kwa kuwa mwezi umeandama. Tukimwambia ahame, huenda tunamshauri vema kwa ajili ya tumbo la watoto wake, na wengi walihama kweli. Lakini tusidhani kwamba kwa kumshauri hivyo tumemaliza deni. Mtu aliyeibiwa ng'ombe akahamia kulima mtama amefanya busara, lakini mwizi angali na ng'ombe. Subira ni fadhila kubwa, nasi katika ukurasa huu hatuchoki kuisifu. Lakini kumhubiria subira mtu aliyenyang'anywa ni kumsaidia mnyang'anyi. Mbele ya mtu wa namna hii yatupasa kuuliza kwanza: Maji yamekwenda wapi, na nani aliyeyatumia?

Labda msomaji mmoja atasema: Waandishi, mwasema maneno makali. Ile pamba iliwavika watu mamilioni. Mashamba yale yaliwapa kazi watu wengi kuliko wavuvi wote wa Aral. Je, si halali kwa serikali kutafuta faida ya wengi, ijapokuwa wachache wataumia?

Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kulipita pembeni. Wapangaji wa siku zile hawakuwa wajinga. Walijua kwamba bahari itapungua; walipiga hesabu, wakaona pamba inaishinda samaki. Nasi twakubali kwamba serikali yoyote yaweza kulazimika kuchagua kati ya mema mawili. Barabara hupita katika shamba la mtu, na bwawa hufunika kijiji. Lakini hesabu iliyo halali ina mistari miwili. Mstari wa kwanza ni faida ya wengi. Mstari wa pili ni malipo ya wale wanaobeba hasara, nayo hutolewa katika faida ile ile. Anayeandika mstari wa kwanza akafuta wa pili hakutafuta faida ya wote. Ameifanya familia ya mvuvi kuwa mbolea ya shamba la mwenziwe. Kama kweli pamba ilikuwa na faida kubwa hivyo, basi ilikuwa na uwezo wa kulipa. Na kama haikuwa na uwezo wa kuwalipa wavuvi, basi faida yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyosemwa, maana iliandikwa bila kutoa gharama.

Tena, hesabu ile ilisahau vitu visivyouzwa sokoni. Nani aliweka bei ya hewa isiyo na mavumbi ya chumvi? Nani alihesabu kwamba maji mengi hupoza kiangazi na kupunguza ukali wa baridi, na kwamba yakiondoka hata mashamba yaliyoyameza yatapata joto na baridi zaidi? Ardhi ya pamba yenyewe, kwa kumwagiliwa kupita kiasi, ilianza kutoa chumvi, ikabidi itiwe maji mengine ya kuioshea.

Mwingine atasema: Bahari hiyo iliwahi kuondoka zamani, kabla ya Wasovieti na pamba yao. Jambo hili nalo ni kweli. Maji yalipoondoka, watu walivumbua katika sakafu ya bahari magofu ya kaburi la fahari la zamani za kati, mahali paitwapo Kerderi. Maana yake ni kwamba kulikuwa na wakati ambapo watu walikaa na kuzika wafu wao pale ambapo baadaye merikebu zilipita. Lakini hoja hiyo haimwondolei mtu hatia. Watu wote hufa kwa maradhi au kwa uzee. Muuaji hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema kwamba marehemu angekufa hata hivyo.

Kuna na kitu kingine kilichoachwa na maji hayo, nacho chatufundisha. Katikati ya Aral palikuwa na kisiwa kiitwacho Vozrozhdeniya. Hapo Wasovieti walijaribia silaha za maradhi, wakitumaini kwamba maji yaliyokizunguka yatawalinda watu wa bara. Mwaka 1988 vijidudu vya kimeta kwa tani vilizikwa hapo. Maji yakazidi kushuka, na kufika mwaka 2001 kisiwa kikaungana na nchi kavu. Ikabidi mwaka 2002 wataalamu wa Uzbekistan na Marekani waende kukiteketeza kile kilichozikwa. Basi mwanadamu akificha uovu wake katikati ya maji, huku kwa mkono mwingine anayaondoa maji yale, atakuja kukutana nao akitembea kwa miguu.

Sasa tuulize jambo lililo gumu zaidi: ni nani hasa mwenye hatia? Si rahisi kumnyoshea kidole mtu mmoja. Mkulima aliyefungua mfereji wake asubuhi alitaka kunywesha shamba. Mchimbaji alitaka mshahara. Mhandisi alitii amri, na aliyetoa amri alikuwa na kiwango cha pamba alichoagizwa kukitimiza. Kila mmoja alichukua kidogo, na kila mmoja angeweza kuapa kwamba hakukausha bahari. Lakini bahari imekauka. Hatia ya namna hii hugawanyika mpaka kila mtu aione sehemu yake kuwa nyepesi kama unyoya. Nasi twasema kwamba haigawanyiki sawasawa. Mkulima mdogo asiyejua mto unaishia wapi ana sehemu ndogo sana. Yule aliye na ramani mezani, anayejua idadi ya mifereji na kina cha mto, ndiye mwenye sehemu kubwa. Ujuzi huleta wajibu. Kadiri mtu aonavyo mbali kwenye mkondo wa chini, ndivyo atakavyoulizwa zaidi.

Je, deni la maji laweza kulipwa? Si lote; lakini Aral yenyewe imetuonyesha kwamba sehemu yaweza kulipwa. Katika miaka ya 1990 watu wa upande wa kaskazini walijenga ukuta wa mchanga ili kuyazuia maji ya Syr Darya yasipotee kusini. Ukuta ukabomoka zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 mawimbi yakauvunja kabisa. Hawakukata tamaa. Serikali ya Kazakhstan, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikajenga boma imara la Kok-Aral, lenye urefu wa kilomita kama 13, likakamilika mwaka 2005. Wataalamu walidhani bahari ya kaskazini itachukua miaka mingi kujaa. Haukupita mwaka mmoja maji yakafika kiwango kilichokusudiwa. Chumvi ikapungua, samaki wa maji baridi wakarudi, na wavuvi wakaanza tena kutengeneza nyavu. Bandari ya Aralsk haijaguswa na maji, lakini ufuko uliokuwa umekimbia kilomita kama 100 umekaribia sana.

Tusiseme kwamba mambo yote yamepona. Boma lile liliokoa kaskazini, lakini kusini hakukuokolewa. Huko Uzbekistan watu wanapanda miti ya saksauli juu ya sakafu kavu ya bahari, si kwa kurudisha maji, bali ili mizizi ishike mchanga na upepo usibebe chumvi kuwatupia watu. Hiyo nayo ni namna ya kulipa. Mtu asiyeweza kumrudishia jirani nyumba aliyoichoma anaweza walau kuzima moto usifike nyumba ya pili.

Ndugu wasomaji, twaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. La, sivyo. Tuangalie Ziwa Victoria. Maji yake hutoka Jinja, na tangu mwaka 1954 mlango huo una bwawa la umeme, la pili likiongezwa karibu yake mwaka 2000. Yalikuwapo makubaliano kwamba maji yafunguliwe kwa kadiri ile ambayo mto wenyewe ungetoa kama bwawa lisingekuwapo. Katika miaka ya 2004 hadi 2006 yalifunguliwa zaidi ya kadiri hiyo, nao ni wakati mvua zilikuwa haba. Ziwa likashuka mpaka kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka kama 80. Magati yalibaki juu, mashua zilikwama matopeni, na mabomba ya kuvutia maji ya miji yakakaribia kuvuta hewa. Wataalamu waliochunguza walisema ukame ulikuwa na sehemu yake, na milango ya bwawa ilikuwa na sehemu yake. Baadaye mvua zikanyesha, na Mei 2020 ziwa likapanda likapita kidogo hata alama ya mwaka 1964, likafunika nyumba na mashamba. Watu wakasahau habari za mwaka 2006. Lakini kurudi kwa maji si jibu la swali. Mtu aliyekopa bila ruhusa, kisha mwenye mali akapata urithi kwa njia nyingine, hawezi kusema kwamba amelipa.

Tuangalie pia Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo, ambao zamani haukukauka, umekuwa ukikatika kwa majuma mengi katika kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko husongamana katika madimbwi machache. Juu yake, katika nyanda za Usangu, kuna mashamba ya mpunga na mifugo mingi. Chini yake kuna bwawa la Mtera na umeme wa nchi. Wali wa Usangu unaliwa mezani petu, nasi twaufurahia. Hatusemi wakulima wale waache kulima. Twasema kwamba mfereji unaotwaa maji usiku na mchana, hata wakati shamba halihitaji, na kuyaacha yamwagike maporini, unachukua kitu cha mtu wa chini ambaye hajulikani kwa jina. Na yule anayetoa vibali vya maji bila kupima mto una kiasi gani anatia saini hasara ya watu asiowaona.

Kwa hiyo yako mambo matatu ambayo kila mtu wa haki aweza kuyashika. La kwanza, kabla ya kufungua maji, uliza yanakokwenda yasipochukuliwa nawe. Daima kuna mtu huko. La pili, ukipata faida kwa maji yaliyomwacha mwenzako kikavuni, mpe sehemu ya faida hiyo kwa utaratibu wa wazi, wala usiiite sadaka, maana ni malipo. La tatu, wale wa mkondo wa chini waitwe barazani kabla mfereji haujachimbwa. Kualikwa baada ya maji kuondoka ni kualikwa matangani.

Nanyi wazazi, ambao watoto wenu wataona mito mingi ikipimwa na kugawanywa kuliko sisi tulivyoona, wafundisheni kutofautisha. Chombo kikiachwa na maji kupwa, waketi wangoje na kukitengeneza. Kikiachwa na ziwa linalofuata tabia yake, wakivute na kuhamia ufuko mpya bila manung'uniko. Bali kikiachwa kwa sababu mtu ameyachukua maji, wasimcheke mwenyewe kwa kukosa bidii, wala wasimpe maneno ya subira wakaenda zao. Waupande mto mpaka wafike penye mfereji, na hapo waulize kwa adabu, lakini bila woga, ni nani aliyeufungua na kwa ruhusa ya nani.